Nta isivuje: mwongozo kamili wa kumimina mishumaa ya kalibu nyumbani

Mtu anayeanza kutengeneza mishumaa ya kalibu nyumbani, nta ikimvujia, hukimbilia gundi. Inachuruzika chini, anaongeza tepu. Inapita kwenye tepu, anabandika bigijii. Inapita na hapo, anakwenda dukani kuulizia gundi ya mafundi bomba. Nta inaendelea kutoka, na sakafu inaendelea kuchafuka. Mwongozo huu unapita njia nyingine, kwa kuwa kuvuja kunaamuliwa na joto kuliko gundi. Tundu ambalo nta ya nyuzi 85 za Selsiasi inalipita mbio, nta ya nyuzi 68 huganda humohumo na kulizibia. Ukishika hilo, kazi ya kuziba inabaki ndogo na vifaa vyake unavyo tayari.

Nimewalenga zaidi watu wa Tabora, ambako nta ya nyuki iko jirani. Warinaji wa Sikonge, Kaliua, Urambo na Uyui wakishakamua asali, masega hubaki, na hadi leo wapo wanaoyatupa. Lakini maelezo yanafaa pia kwa anayetumia nta nyeupe ya parafini, ile inayouzwa kwa vibamba. Mtu wa Kigoma naye atapata chake, isipokuwa nimwombe jambo moja mapema: asipake kalibu mawese. Mshumaa mweupe utatoka na mabaka ya rangi ya chungwa. Mafuta ya alizeti yanatosha, tone moja kwenye kitambaa, tena upanguse mpaka ukuta ung'ae bila kuteleza. Mafuta yakizidi hushuka chini na kuifanya puti, lile donge la kuzibia tundu la utambi, isishike.

Ijue nta yako kwanza

Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Parafini ya mishumaa mara nyingi huwa kwenye 58 hadi 60, ingawa kuna laini zaidi. Ukiyeyusha mabaki ya mishumaa ya dukani, chukulia kwamba yatayeyuka mapema kidogo na kuganda kwa kuchelewa, maana yake muda wa kuvuja unakuwa mrefu.

Nta ya moto inatofautiana na maji kwa namna inayowadanganya wengi. Maji yakikuta upenyo mwembamba hujikusanya tone na kusita. Nta iliyoyeyuka hulowana na ukuta na kutambaa. Kwa hiyo kalibu iliyoshika maji vizuri inaweza bado kutoa nta kwenye mshono. Kipimo cha maji ni cha lazima, lakini hakitoshi peke yake.

Jambo la pili ni kusinyaa. Nta ikiganda hupungua ujazo, nta ya nyuki kwa takriban asilimia 10, parafini wakati mwingine zaidi. Mshumaa huachana na ukuta wa kalibu, katikati panabonyea. Hili litakuja kutusumbua kwenye kujazia, yaani kuongeza nta pale palipobonyea, na ndipo watu wengi huvujiwa wakidhani kazi imekwisha.

Kuchagua na kuandaa kalibu

Kwa bei na urahisi, bomba la plastiki la PVC linashinda. Kipande chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 20 kinameza karibu mililita 250, yaani gramu 225 hivi za parafini au 240 za nta ya nyuki. Msumeno wa chuma unalikata, msasa unalisawazisha. Kumbuka tu kwamba PVC huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, hivyo usilimiminie nta inayozidi 75. Likilegea hupinda, na likipinda mdomo wake wa chini hauketi tena sawasawa.

Je, ulipasue kwa urefu ili mshumaa utoke kirahisi? Kwa parafini, mimi nasema hapana. Parafini husinyaa vya kutosha, mshumaa utateleza wenyewe, na bomba lisilo na mshono lina sehemu moja tu ya kuvuja. Nta ya nyuki hunata zaidi, hapo mpasuo una faida yake. Ukipasua, pasua upande mmoja tu, ondoa vinyuzi vyote vya plastiki kwa msasa, kisha funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kila baada ya sentimita nne, na viwili vya karibukaribu kule chini ambako uzito wa nta ni mkubwa. Usikaze kwa nguvu zote. Mpira ukikazwa kupita kiasi huukunja ukuta, midomo ya mpasuo inapandana, na pale inapopandana nta inapata njia. Kaza mpaka mwanga usipenye, basi.

Kopo la bati ni zuri kwa anayeanza, kwa sababu kiwanda kimeshaziba mishono yake yote na unabaki na tundu la utambi tu. Chagua lisilo na mikunjo ubavuni, la sivyo mshumaa hautatoka bila kukata kopo. Toboa kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, kisha piga tupa ule ukingo wa bati uliojitokeza nje ili puti ilale bapa.

Kalibu za alumini za mishumaa mingi kwa pamoja, zile wanazotumia wauzaji, huvuja kwa sababu moja kubwa: uchafu. Tabaka jembamba la nta ya jana likibaki kwenye uso ambao nusu mbili hukutana, hazifungi. Safisha kwa kitambaa na maji ya moto, au kwangua kwa kijiti cha mti. Kisu hapana. Kila mkwaruzo wa kisu unaokatisha mshono ni mfereji. Bolti zikazwe kidogokidogo kwa kupishana, usimalize upande mmoja kwanza.

Za silikoni hazina mengi. Ziweke ndani ya kopo au boksi linalozibana ili zisitanuke, na utambi upite kwenye tundu la sindano, si la kisu. Mianzi siipendekezi kwa kazi hii. Hupasuka kwa urefu ikipata joto, na ufa wa mwanzi huuoni mpaka nta ikuonyeshe.

Tundu la utambi

Hapa ndipo pa kutulia, maana kwenye kalibu nzima isiyo na mshono hakuna mahali pengine pa kuvuja.

Anza na utambi wenyewe. Uzi wa pamba mkavu hunyonya nta, hiyo ndiyo kazi yake. Ukiupitisha mkavu kwenye tundu, hata uzibe vipi pembeni, nta itapita ndani ya nyuzi zake na kudondoka upande wa pili. Kwa hiyo utambi uchovywe kwanza kwenye nta ya moto mpaka vipovu viache kutoka, uvutwe ukiwa umenyooka, uachwe ukauke. Utambi ulioshiba na kuganda hupitisha kidogo sana, tena ni mgumu na rahisi kupenyeza. Kata ncha kwa mshazari uwe kama sindano.

Kipimo cha tundu kifuate utambi, si msumari uliopo. Utambi upite kwa kusukumwa. Ukipita huku unacheza, tundu ni kubwa, na hakuna puti itakayokuokoa kila siku.

Kwa bomba la PVC, kitako ninachokiamini kuliko vyote ni kipande cha tyubu kuukuu ya lori au pikipiki. Kata mraba unaozidi mdomo wa bomba kwa sentimita tatu kila upande, uwambe kwenye mdomo wa chini kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, kisha uzungushie mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli mara nne au tano kwa kuvuta. Toboa katikati kwa sindano nene na upitishe utambi. Mpira unafanya kile ambacho bati na mbao haviwezi: unajifunga wenyewe kuzunguka utambi. Unastahimili joto la nta bila kulegea, na ukianza kuvimba au kupoteza mvuto baada ya kazi nyingi, kata mwingine. Kwa mafundi wa pancha tyubu mbovu hazikosekani.

Nje ya tundu, fundo moja dogo la utambi, kisha puti. Kwa puti, mafundi wa madirisha wanayo ya kufungia vioo, nayo inafaa. Udongo wa kuchezea watoto unafaa kwa nta isiyo ya moto sana. Cha bei rahisi kuliko vyote ni donge la unga wa ngano lililokandwa gumu kuliko la chapati, likabanwa juu ya fundo na kuachwa robo saa likauke kidogo. Bigijii hulainika kwa joto ikaanguka, hata kama ilionekana imeshika vizuri ilipokuwa baridi. Selotepu nayo hujikunja. Ukitaka tepu, tumia ile ya karatasi ya wapaka rangi, na uibandike pakavu pasipo mafuta.

Juu, funga utambi kwenye kijiti kilicholala mdomoni mwa kalibu na uvute mpaka unyooke. Mvuto huu haunyooshi utambi tu, unavuta pia lile fundo lijibane kwenye tundu. Utambi uliolegea ni tundu lililolegea.

Kupima kabla ya kuwasha moto

Subiri jioni au ingia chumba chenye giza. Washa tochi ya simu, ipachike mdomoni mwa kalibu, zungusha kalibu polepole. Mstari wa mwanga kwenye mshono utauona mara moja, nao ndio utakaokuwa mstari wa nta. Kaza mpira hapo au piga msasa.

Kisha jaza maji, simamisha juu ya gazeti kavu kwa dakika kumi. Gazeti linasema kweli kuliko macho, doa dogo tu linatosha. Usiyamwage ovyo hayo maji: yapime kwenye kikombe chenye alama, zidisha mililita zake kwa 0.9, utapata gramu za parafini zinazohitajika. Kwa nta ya nyuki, zidisha kwa 0.96. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya kujazia.

Baada ya hapo, kalibu ikauke kabisa, ikaushwe juani ikiwezekana. Maji yaliyobaki chini yakikutana na nta ya moto hutoa vipovu, na vipovu vikiganda karibu na utambi huacha vishimo. Puti iliyolowa nayo haishiki. Ivue, kausha, weka mpya.

Kuyeyusha

Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Siyo hiari. Nta haichemki ikakuonya. Juu ya moto wa moja kwa moja hupanda joto kimya mpaka itoe moshi, na baada ya moshi ni moto. Ndani ya maji haiwezi kufika huko. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, nayo nta haitavuka hapo kamwe, ilimradi maji ya sufuria kubwa hayajakauka. Hii ni faida ya bure.

Tumia sufuria ya alumini au chuma kisichopata kutu. Chuma cha kawaida na shaba hubadilisha rangi ya nta ya nyuki. Jiko la mkaa likae nje au kibarazani, hewa yake ni sumu ndani ya nyumba, lakini kumimina kufanyike ndani mahali pasipo upepo, mbali na jiko. Weka karibu mfuniko unaoenea sufuria na ndoo ya mchanga mkavu. Nta ikishika moto, funika, toa jikoni. Maji juu ya nta inayowaka huilipua. Watoto wakae mbali, na ikikudondokea mkononi, weka mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usiibandue kwa nguvu.

Nta ya masega ihakikishwe imechujwa kwa kitambaa na imekauka. Asali na maji yakizama chini ya sufuria, usiyamimine. Acha kijiko cha mwisho kibaki.

Kumimina

Kipimajoto cha jikoni kinasaidia sana. Cha kupimia homa hakifai, mwisho wake ni nyuzi 42. Kama huna chochote, tazama ukingo wa sufuria: toa nta kwenye maji ya moto, iache itulie, na pale utando mwembamba unapoanza kujitokeza pembeni, nta iko nyuzi chache tu juu ya kuganda. Hiyo ndiyo nta ya mmimino wa kwanza.

Simamisha kalibu ndani ya beseni la mchanga uliolowa kidogo, kitako kizame sentimita mbili. Mchanga unafanya kazi tatu kwa pamoja: unashika kalibu wima, unapoza kitako, na nta ikitoroka inaganda hapohapo kabla haijafika mbali. Sehemu ya juu ya kalibu ipashwe joto kidogo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, au ikae juani kabla. Kitako baridi, ubavu wa uvuguvugu. Ukipasha kalibu nzima utapata mshumaa laini unaong'aa, na nta sakafuni. Ukiacha nzima iwe baridi hutavujiwa, lakini ubavu utakuwa na mistari ya ngazingazi. Usiku wa Juni na Julai Tabora hupoa kiasi cha kuleta mistari hiyo hata ukijitahidi. Septemba na Oktoba ni kinyume, mchanga wenyewe unakuwa wa moto, uloweshe upya.

Sasa mimina sentimita moja tu. Acha. Hiki ndicho kizibo cha kweli, kilichotengenezwa kwa nta yenyewe, nacho kinaingia kwenye kila upenyo ambao puti haikufika. Kwa bomba la sentimita 4 subiri dakika tano hadi kumi, mpaka nta igeuke rangi na kuwa na ulaini wa mpira ukiigusa kwa kijiti. Isigande ikapoa kabisa. Kizibo kikipoa sana husinyaa, kinaachana na ukuta, na nta mpya itapita pembeni yake, na kazi yote inakuwa bure.

Pasha nta tena, ifike 70 hadi 75 kwa PVC, 80 hadi 85 kwa bati au alumini ikiwa ni parafini. Kwa nta ya nyuki sipandi juu ya 75 kwa kalibu yoyote. Mimina polepole katikati, karibu na utambi, bila kuusukuma. Nta hii ya moto itayeyusha uso wa kizibo na kushikana nacho. Mshumaa mrefu, wa sentimita 30 na zaidi, ujazwe kwa awamu: uzito wa nta juu ya tundu unaongezeka kadiri unavyopanda, na kizibo kichanga hakiwezi kubeba safu yote kwa wakati mmoja. Gonga ubavu kwa kidole mara chache, vipovu vipande.

Alama ya maungio inaweza kuonekana kwenye ile sentimita ya kwanza. Kwa mshumaa wa bomba ulionyooka hili halisumbui: upande uliokuwa chini ya kalibu ufanye kitako cha mshumaa.

Ikivuja licha ya yote

Usinyanyue kalibu. Ukiinyanyua unaitenganisha na mchanga uliokuwa unakusaidia, na tone linakuwa mkondo. Mwagia mchanga wa kitakoni maji baridi kidogo, au zungushia kitako kitambaa kilicholowa maji baridi, na uache kumimina. Mara nyingi inakoma ndani ya dakika mbili. Kama inatoka ubavuni kwenye mpasuo, bonyeza kitambaa baridi hapohapo mpaka igande, ndipo uongeze mpira. Kuongeza puti juu ya nta inayotoka hakusaidii kitu; puti haishiki kwenye nta ya moto.

Ikiwa mkondo ni mnene na haukomi, kubali. Mimina nta irudi sufuriani, subiri kalibu ipoe, anza upya na utambi mwingine. Nta haijapotea.

Kujazia

Baada ya nusu saa hadi saa moja, katikati patabonyea kuzunguka utambi. Toboa vishimo viwili vitatu kwa kijiti chembamba karibu na utambi, kwa sababu chini ya utando kunaweza kuwa na uwazi. Pasha nta ya akiba, mimina shimoni.

Hapa acha mkono uwe mwepesi. Mshumaa umeshaanza kuachana na ukuta, kuna uwazi mwembamba kutoka juu mpaka chini. Nta mpya ikivuka usawa wa mmimino uliopita, itaingia kwenye uwazi huo, iteremke hadi kitakoni, na kama kizibo kimelegea itatoka nje. Isipotoka itaganda ubavuni kwa mabaka na kuunata mshumaa kwenye kalibu. Simama milimita mbili chini ya usawa wa kwanza. Huenda ukahitaji kurudia mara ya pili. Kwa nta ya nyuki mara nyingi moja inatosha, ukiiacha ipoe taratibu.

Kutoa mshumaa, na nta iliyokimbia

Acha usiku kucha. Asubuhi bandua puti, kata fundo, vua mpira wa kitako, kisha sukuma kwa dole gumba kutoka chini. Mshumaa ukikataa, kalibu iingie kwenye maji baridi kwa robo saa kisha ujaribu tena. Kugongagonga kunaacha nyufa kwenye PVC, nazo utakutana nazo mmimino ujao. Kitako cha mshumaa kikitoka na kinundu cha nta pale palipokuwa na tundu, kisugue juu ya sufuria yenye joto kidogo mpaka kitako kiwe bapa.

Nta iliyovujia mchangani iokote ikiwa imeganda, pamoja na mchanga wake. Itie kwenye sufuria ya maji, pasha bila kuchemsha mno, koroga. Mchanga unazama, nta inaelea. Iache igande juu ya maji, ibandue kama kibamba, kwangua uchafu uliobaki upande wa chini, ikaushe juani kabla ya kuirudisha kwenye akiba. Maji yenyewe yamwage nje, kamwe si kwenye karo, kwa kuwa mabaki ya nta yataganda ndani ya bomba.